Kuchagua Skrini Pana ya Kompyuta kwa Video za Ubora wa Juu kwa Mwenye Bajeti Ndogo

Katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Shinyanga, Kahama na Geita, si ajabu kukuta skrini mbili juu ya kaunta moja, zote zimewashwa na zote zikionyesha video ileile ya samaki wa baharini wenye rangi za kuvutia. Ya kwanza ni mpya, na boksi lake lina stika ya dhahabu iliyoandikwa "Full HD 1080p". Ya pili imekwisha kutumika, haina boksi, na pembeni ina mkwaruzo. Mnunuzi mwenye shilingi 250,000 mkononi hulazimika kuamua papo hapo, na mara nyingi huamua kwa kutazama boksi. Inawezekana kabisa kwamba ile yenye mkwaruzo ndiyo inayoonyesha picha kamili, na ile yenye stika inaionyesha nusu.

Tuchukue mfano wa kijana wa kata ya Ngokolo, katika Manispaa ya Shinyanga, anayepiga picha za video katika harusi na sherehe za kuwaaga mabinti, kisha kuzihariri kwa kompyuta mpakato. Kamera yake inarekodi kwa ubora wa juu, lakini kioo cha kompyuta yake ni kidogo na hafifu. Ameweka akiba miezi kadhaa ili anunue skrini kubwa. Akikosea, hasara yake itazidi bei ya skrini: atamkabidhi mteja video ambayo sura ya bibi harusi imetoka ya kijani, au haijakaza sawasawa, bila yeye mwenyewe kuliona kosa hilo. Jirani yake ana haja tofauti. Yeye anataka skrini ya kuunganisha na king'amuzi sebuleni, watoto watazame mpira na katuni. Wawili hawa wakiingia duka moja na kiasi kilekile cha fedha, hawapaswi kutoka na kifaa kilekile.

Anza na umbali

Kabla ya kuuliza bei, mtumiaji anashauriwa kupima umbali kati ya macho yake na mahali skrini itakapokaa. Jambo hili hutajwa mara chache dukani, pengine kwa sababu halina stika.

Picha ya dijitali imeundwa kwa nukta ndogo ambazo mafundi huziita pikseli. Video ya ubora wa juu ya kiwango cha kwanza ina nukta 1280 kwa upana na 720 kwa kimo. Kiwango kinachoitwa "Full HD" kina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya nukta milioni mbili. Hata hivyo, jicho la binadamu lina mpaka wake. Ukikaa mbali zaidi ya takriban mara tatu ya kimo cha picha, jicho la kawaida haliwezi tena kuzitenganisha nukta za Full HD. Kwa skrini ya inchi 22, ambayo kimo chake ni takriban sentimita 27, mpaka huo ni kama sentimita 85. Huo ni umbali wa mtu aliyeketi mezani.

Maana yake ni kwamba kijana wetu mhariri, anayekaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, ataiona faida ya kila nukta anayoilipia. Familia inayoketi mita tatu kutoka kwenye skrini hiyohiyo haitaona tofauti yoyote kati ya nukta 1080 na nukta 768. Familia hiyo itanufaika zaidi na ukubwa wa kioo, hata kama nukta zake ni chache. Kwa hiyo wa mezani atafute nukta. Wa sebuleni atafute inchi. Mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira hahusiki na lolote kati ya haya mawili, kwa kuwa hakuna skrini ya kompyuta itakayotosha watu hamsini.

Inchi zinaficha umbo

Inchi zinazotajwa na muuzaji ni kipimo cha mshazari, kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu umbo. Miongoni mwa skrini zilizotumika, ambazo nyingi zilianza maisha yake katika ofisi, zimo bado za inchi 17 na 19 zenye umbo linalokaribia mraba, zenye nukta 1280 kwa 1024. Video za siku hizi hutengenezwa kwa uwiano wa 16 kwa 9. Ukiionyesha video hiyo katika skrini ya aina hiyo, sehemu ya juu na ya chini hubaki nyeusi: karibu asilimia 30 ya kioo ulichokilipia haifanyi kazi, na skrini ya inchi 19 inakupa picha ya inchi 17 tu.

Zipo pia skrini pana ambazo si pana kwa kiwango kimoja. Zenye nukta 1440 kwa 900, kwa kawaida za inchi 19, na zenye nukta 1680 kwa 1050, kwa kawaida za inchi 20 au 22, zina uwiano wa 16 kwa 10. Zitaacha mstari mwembamba mweusi juu na chini, jambo lisilo na madhara, na kwa mwenye fedha kidogo zinafaa. Zinaonyesha video ya 720 kikamilifu. Ya 1080 zitaipunguza kidogo.

Kupokea si kuonyesha

Sasa turudi kwenye ile stika ya dhahabu, kwa kuwa hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea.

Skrini, na hasa televisheni ndogo zinazouzwa pia kama skrini za kompyuta, huwa na sehemu mbili zinazofanya kazi mbili. Sehemu ya kwanza ni saketi inayopokea mawimbi ya picha kutoka kwenye king'amuzi au kompyuta. Sehemu ya pili ni kioo chenyewe. Saketi inaweza kupokea picha ya nukta 1920 kwa 1080 huku kioo kina nukta 1366 kwa 768 tu. Katika hali hiyo saketi huibana picha, hutupa sehemu yake, kisha hukionyeshea kioo kinachoweza kubeba. Kati ya nukta milioni mbili zilizoingia, zinazotoka ni kama milioni moja. Anayeandika "1080p" juu ya boksi la kifaa hicho hujitetea kwamba kifaa kinapokea 1080p, na hilo ni kweli. Mnunuzi aliyeelewa kwamba kinaonyesha 1080p amepotoshwa.

Wengi huamini kwamba ukiunganisha skrini na kompyuta, kisha ukafungua mipangilio ya onyesho, utaona idadi ya kweli ya nukta. Kwa skrini za kompyuta zilizotengenezwa na viwanda makini, namba inayopendekezwa hapo kwa kawaida ni ya kweli. Kwa televisheni za bei nafuu, kifaa chenyewe huweza kuiambia kompyuta kwamba kina nukta 1920 kwa 1080, kwa sababu kinataja kile kinachokipokea. Namba hiyo peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Ushahidi unaoaminika zaidi ni kioo chenyewe. Nenda dukani na kompyuta mpakato, au omba ya duka. Weka mipangilio kuwa 1920 kwa 1080, bila kukuza maandishi. Fungua ukurasa wa maandishi meusi juu ya nyeupe, kwa herufi za ukubwa wa 8, usogeze uso karibu. Kioo cha kweli kitaonyesha herufi zilizokatika vizuri, hata nukta juu ya "i". Kioo cha uongo kitaonyesha herufi zenye ukungu, nyingine nene na nyingine nyembamba katika neno moja. Mwenye kutaka uhakika zaidi atengeneze nyumbani picha ya nukta 1920 kwa 1080 yenye mistari myeusi na myeupe, kila mstari ukiwa na unene wa nukta moja, aibebe kwenye flashi na kuionyesha katika skrini nzima. Kioo chenye nukta kamili kitaonyesha mistari myembamba iliyo sawa kila mahali. Kingine kitaonyesha mabaka ya kijivu yanayokuja na kutoweka. Iwapo kifaa ni televisheni na kingo za picha zimekatwa, izime kwanza ile tabia ya kukuza picha katika menyu yake, kisha urudie jaribio. Video ya samaki haikuambii kitu. Maji na matumbawe yana mistari michache mno ya kulipima jambo hili, na muuzaji anaifahamu kazi ya video hiyo kuliko mnunuzi.

Kuna njia nyingine isiyohitaji kompyuta. Nyuma ya skrini pana lebo yenye namba ya modeli. Iandike kama ilivyo, herufi kwa herufi, uitafute kwa simu katika tovuti ya mtengenezaji, na usome idadi ya nukta za kioo. Kifaa ambacho hakina namba ya modeli, au ambacho mtengenezaji wake hapatikani popote, kinapaswa kukutia shaka hata kama bei yake inapendeza.

Waya na matundu yake

Skrini nzuri iliyounganishwa kwa waya usiofaa hurudi kuwa skrini mbaya. Ule waya wenye plagi tatu za nyekundu, nyeupe na njano, unaotumika kuunganisha deki na ving'amuzi vya zamani, hauwezi kupitisha video ya ubora wa juu hata kidogo. Diski ya DVD nayo, ambayo bado inauzwa kwa wingi, ina picha ya nukta 720 kwa 576 tu. Skrini haiwezi kuiongezea kile kisichomo. Vivyo hivyo kwa filamu nyepesi zinazonakiliwa kwenye flashi, na kwa video za mtandaoni zinazotazamwa kwa kifurushi kidogo. Video ya Full HD kupitia intaneti huweza kumaliza hadi gigabaiti 3 kwa saa moja. Asiye na kifurushi cha kuimudu, wala kamera, wala king'amuzi chenye chaneli za ubora wa juu, hana sababu ya kulipia skrini hiyo leo.

Skrini za ofisi zilizotumika mara nyingi zina tundu la VGA lenye pini 15, tundu jeupe la DVI, na baadhi zina DisplayPort. Nyingi hazina HDMI, na hapo ndipo wanunuzi wengi huziacha. Si lazima. HDMI na DVI hutumia mfumo mmoja wa kupitisha picha, hivyo waya wa bei nafuu wenye HDMI upande mmoja na DVI upande wa pili utafanya kazi bila kifaa kingine chochote. Utakosa sauti tu, na sauti utaitoa kwenye tundu la spika la kompyuta au la king'amuzi. DisplayPort ina masharti yake: waya wa kawaida hutoka kwenye kompyuta yenye DisplayPort kwenda kwenye skrini yenye HDMI, na haugeuzwi. Kutoka HDMI kwenda VGA kunahitajika kigeuzi chenye saketi ndani yake. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuuziwa waya mtupu wa HDMI kwenda VGA, uliofungwa vizuri katika mfuko wa plastiki, akahangaika nao jioni nzima akidhani kompyuta imeharibika. Waya wa namna hiyo hauwezi kufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida.

Kwa anayekusudia kutumia king'amuzi, kuna tahadhari moja zaidi. Chaneli na filamu nyingi zinalindwa kwa mfumo wa hakimiliki uitwao HDCP. Skrini ya zamani yenye DVI isiyo na mfumo huo itabaki nyeusi, au itaonyesha maandishi ya onyo, ingawa ni nzima. Beba king'amuzi chako dukani. Ni mzigo, lakini ni mwepesi kuliko kuirudisha skrini.

Kukagua kioo kilichotumika

Acha skrini iwake dakika 20 kabla ya kuitolea hukumu. Kisha onyesha ukurasa mweupe mtupu. Mwanga wa nyuma uliochoka huifanya nyeupe kuwa ya njano au ya waridi, au huacha pembe moja na giza. Onyesha ukurasa mweusi, utazame nukta zinazong'aa peke yake. Nukta moja iliyokufa pembeni ni sababu ya kupunguziwa bei. Kundi la nukta katikati ni sababu ya kuiacha.

Baada ya hapo simama upande wa kulia, wa kushoto, kisha chuchumaa chini ya skrini huku ikionyesha uso wa mtu. Vioo vya aina ya TN, ambavyo ni vya bei ya chini, hubadili rangi ukivitazama kutoka chini: uso huwa mweusi, au rangi hugeuka kama filamu ya picha ya zamani. Vioo vya aina ya IPS hubaki na rangi zake. Kwa mhariri wa video za harusi tofauti hii inazidi hata ile ya nukta, kwa kuwa kioo cha TN humfanya arekebishe rangi ambayo haikuwa na kosa, na kosa jipya litaonekana nyumbani kwa mteja.

Umeme

Lebo ya nyuma itaje volti 100 hadi 240, ili kifaa kikubali umeme wetu wa volti 230. Kilicholetwa kutoka Japani au Marekani na kuandikwa volti 100 au 120 pekee kisichomekwe moja kwa moja. Plagi ya Uingereza inaingia katika soketi zetu. Ya pini mbili za mviringo inahitaji kubadilishwa kwa ile ya pini tatu, si kulazimishwa kwa kijiti cha kiberiti.

Lebo hiyo huonyesha pia matumizi. Skrini ya zamani ya inchi 22 yenye taa za mirija hutumia wati 45 hivi, na yenye taa za LED hutumia kama wati 20. Ikiwashwa saa tano kila siku, tofauti hiyo ni takriban uniti 46 kwa mwaka. Kwa anayelipa shilingi 356 hivi kwa uniti, kodi na tozo zikiwamo, hiyo ni zaidi ya shilingi 16,000. Skrini kuukuu iliyopunguzwa bei kwa shilingi 20,000 humaliza unafuu wake katika mwaka mmoja na miezi michache. Mkoa wetu una vumbi jingi wakati wa kiangazi na radi za mara kwa mara wakati wa masika. Matundu ya hewa yasafishwe kwa brashi laini, na plagi ichomolewe mawingu yanapotanda, maana kuzima kwa kitufe hakukati njia ya umeme.

Haki ya mnunuzi

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji, ikiwa ni pamoja na kutoa maelezo ya uongo kuhusu ubora au kiwango cha bidhaa, au kusema kwamba bidhaa ni mpya ilhali siyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Haki hizo zinahitaji ushahidi, na maneno ya kaunta hayaachi alama. Kwa hiyo dai risiti ya kielektroniki, ambayo muuzaji anawajibika kuitoa na mnunuzi anawajibika kuidai. Omba pia karatasi ya duka iandikwe namba ya modeli, maneno "nukta za kioo 1920 kwa 1080", iwapo kifaa ni kipya au kimetumika, na muda wa dhamana hata kama ni siku saba. Mpango wa "ukiona tatizo njoo tu tutaongea" si dhamana. Muuzaji anayekataa kuandika kile alichokuwa akikisema kwa sauti amekupa jibu.

Wanaonunua kwa kuagiza kutoka Kariakoo kupitia mabasi wawe waangalifu zaidi. Kurudisha kifaa ni safari ya karibu kilomita 1,000, na bila maandishi muuzaji hana haja ya kupokea simu. Omba, kabla ya kutuma fedha, picha ya lebo ya nyuma na picha ya ukurasa mweupe wa skrini ileile.

Ukigundua kasoro, acha kuitumia skrini, mjulishe muuzaji mara moja kwa ujumbe wa maandishi, na umpe nafasi ya kurekebisha au kubadilisha. Akikataa, malalamiko kuhusu upotoshaji yapelekwe Tume ya Ushindani, na yanayohusu usalama au viwango vya kifaa yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania. Zote zina ofisi za Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Ambatisha nakala ya risiti, na ubaki na yako. Risiti hizo huchapwa kwa joto, na kwa joto la Shinyanga maandishi yake hufutika katika kipindi kifupi, hivyo ipige picha kwa simu siku ileile uliyonunua.